Kumbukumbu ya Shauri Mjini Bujumbura: Kutoka Intahe hadi Daftari la Karani

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Madarasani methali hii hufundishwa kama onyo kwa mfanyabiashara, lakini maana yake yaenea hata kwenye haki. Haki aliyoipata mtu mbele ya baraza, ikiwa haikuwekwa mahali panapojulikana, ni mali isiyo na daftari. Hudumu maadamu mashahidi wake wangali hai. Wakisha kufa, hubaki maneno ya huyu dhidi ya maneno ya yule.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya mahakama za wananchi katika mji wa Bujumbura, ambao hadi mwaka 1962 uliitwa Usumbura. Hatukukusudia kuandika historia ya sheria, kwani hiyo ni kazi ya wanasheria. Tunalifuata swali moja tu: shauri likisha kukatwa, kumbukumbu yake hukaa wapi, huandikwa kwa lugha gani, na ni nani awezaye kuifikia? Tunaamini kwamba swali hili lawahusu walimu wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mlango wa masjala ya mahakama haufungwi kwa kufuli peke yake. Aghalabu hufungwa kwa lugha.

Zama za intahe

Katika Burundi ya wafalme, mashauri ya kila siku yaliamuliwa mlimani na wazee walioitwa bashingantahe. Mashauri hayo yalihusu mipaka ya mashamba, mahari, ng'ombe, madeni na ugomvi wa majirani. Mushingantahe hakuzaliwa na cheo hicho. Majirani walimwangalia kwa muda mrefu, wakaupima ukweli wake, busara yake na uwezo wake wa kutunza siri, kisha akaapishwa hadharani katika sherehe iliyohudhuriwa na watu wa mlima wake. Jina lenyewe lina somo kwa mwalimu wa lugha. Kitenzi cha Kirundi gushinga maana yake ni kusimika, na intahe ni fimbo ya hukumu ambayo wazee waliigonga chini walipokuwa wakisema. Basi mushingantahe ni msimika fimbo ya haki.

Baraza lilikuwa la wazi. Mdai alisema, mdaiwa akajibu, mashahidi wakasikilizwa, wazee wakajitenga ili washauriane, kisha wakarudi na kutamka neno lao mbele ya wote. Asiyeridhika aliweza kulipeleka shauri lake kwa mtawala wa juu zaidi, na hatimaye kwenye baraza la mwami. Pande mbili zilipopatana, pombe ilinywewa kwa pamoja. Wageni wa zama za baadaye waliidhania pombe hiyo kuwa anasa au rushwa, nayo kweli iliweza kugeuka kuwa rushwa; lakini kwa asili ilikuwa kama muhuri. Kila aliyekunywa alikuwa shahidi wa hukumu, na kila shahidi alikuwa ukurasa wa daftari.

Hivyo, katika zama hizo, kumbukumbu ya shauri ilikaa ndani ya watu. Ubora wake ulikuwa kwamba hapakuwa na haja ya kumwomba karani ruhusa ya kuifikia, kwani kila jirani aliijua, tena kwa lugha yake mwenyewe. Udhaifu wake nao ulikuwa dhahiri. Kumbukumbu ya namna hiyo huzeeka pamoja na wenye kuitunza, na hufa nao. Kadhalika haikuwa sawa kwa wote: baraza lilikuwa la wanaume, na mwanamke aliyekuwa na shauri alitegemea mara nyingi sauti ya baba, kaka au mume.

Shauri la Wajerumani

Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi Usumbura mwaka 1897. Mwaka 1903, baada ya vita, Mwami Mwezi Gisabo alilazimika kukubali mapatano ya Kiganda, na mwaka 1906 nchi ikawekwa chini ya mwakilishi wa serikali ya Kijerumani, ambaye makao yake yalihamishiwa Gitega mwaka 1912. Burundi ikawa sehemu ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, ambayo utawala wake ulitumia Kiswahili kama lugha ya kazi kati ya maofisa, askari, makarani na wananchi.

Hapo ndipo neno letu moja lilipopata safari ya ajabu. Afisa wa Kijerumani alipoketi kusikiliza malalamiko na kutoa adhabu, kikao hicho kiliitwa shauri, na Wajerumani wenyewe waliliingiza neno hilo katika maandishi yao na kuliandika Schauri. Katika Kiswahili shauri ni kushauriana, ni jambo la kutafakariwa, ni kesi pia. Katika kinywa cha afisa likawa ni kikao ambacho mtu mmoja mwenye bunduki nyuma yake husikiliza kupitia mkalimani, kisha huamua peke yake. Neno lilibaki lilelile, lakini ushauri uliokuwa ndani yake uliondoka.

Hata hivyo, jambo jipya liliingia. Agizo la mwaka 1896 kuhusu adhabu kwa wenyeji wa makoloni ya Kijerumani liliwataka maofisa waziandike adhabu walizozitoa. Kwa mara ya kwanza katika sehemu hizi, kumbukumbu ya shauri ilitoka katika kichwa cha mzee na kuingia katika karatasi. Lakini karatasi hiyo iliandikwa kwa Kijerumani, kwa faida ya mkubwa wa afisa na si kwa faida ya mdai. Sehemu kubwa ya nyaraka za utawala ule imehifadhiwa Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa za Tanzania, na mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia. Ni hazina kubwa, lakini mjukuu wa aliyeshtakiwa hawezi kuisoma bila kujifunza Kijerumani kwanza.

Mji wa mahakama mbili

Wabelgiji waliingia Usumbura mwaka 1916, wakapewa nchi na Shirika la Mataifa, na kwa sheria ya mwaka 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji. Tangu hapo mji ukawa na haki ya namna mbili. Mahakama za Kizungu zilihukumu kwa sheria zilizoandikwa. Mahakama za wenyeji zilihukumu kwa mila chini ya uangalizi wa mtawala wa wilaya. Mwaka 1943 mahakama hizi za wenyeji zilipangwa upya kwa ngazi, kuanzia ya chifu hadi ya mwami. Chifu aliyekusanya kodi na kusimamia kazi za lazima ndiye pia aliyekalia kiti cha hakimu. Bashingantahe hawakufutwa, ila walisogezwa pembeni.

Mjini mambo yalikuwa tofauti kidogo. Wakazi Waafrika wa Usumbura walitoka pande nyingi: Warundi, Wakongomani, watu wa Tanganyika, na wafanyabiashara waliokuwa na uhusiano wa zamani na Ujiji na miji mingine ya ziwa. Hawakuwa na chifu mmoja wala mila moja. Kwa miji ya namna hiyo Wabelgiji walitunga mwaka 1931 agizo lililoanzia Kongo, la kuanzisha vituo vya mjini vilivyokuwa nje ya utawala wa kimila, kila kimoja na mkuu wake, baraza lake na mahakama yake. Kituo cha Usumbura kilikuwa na mitaa miwili mikuu: Buyenzi, na mtaa ulioitwa Belge, ambao leo ni Bwiza. Lugha iliyowaunganisha wakazi wale ilikuwa Kiswahili, na Buyenzi hadi leo yajulikana kama ngome ya lugha hiyo nchini Burundi.

Hebu tufikirie jinsi shauri la mjini lilivyosafiri. Mdai alisema kwa Kiswahili. Karani, aliyefunzwa katika shule ya misheni au ya serikali, alilitia neno lake katika maandishi. Mtawala wa Kibelgiji aliyekagua madaftari alitaka kuelewa kilichoamuliwa, naye alisoma Kifaransa. Kwa hiyo kauli ya mtu wa Buyenzi iliposimama mbele ya ukaguzi ilikuwa imekwisha kubadili vazi mara moja au mbili.

Mfano mmoja wa zama hizo unatufundisha mengi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku ndoa mpya za mitala, na mjini Usumbura ikatoza kodi wanawake waliohesabiwa kuwa wanaishi peke yao bila mume. Wajane na waliotalikiwa walijikuta wamewekwa kundi moja na malaya, na wanawake wa Kiislamu wa mji huo walipinga kodi hiyo kwa nguvu, kwa kuwa iliwatoza fedha na kuwavunjia heshima kwa pamoja. Jambo hili lingeweza kusahaulika kabisa nje ya familia zao. Lilifahamika kwa wasomaji wa dunia mwaka 1991, mwanahistoria Nancy Rose Hunt alipochapisha makala kulihusu katika jarida la historia ya Afrika, akiutazama kwa makini ugomvi huo juu ya jina ambalo mwanamke asiye na mume alipaswa kuitwa. Hapa mwalimu wa lugha ataona kwamba kiini cha ugomvi kilikuwa neno. Daftari lililomwita mjane kwa jina lisilo lake lilimdhulumu kabla hakimu hajasema chochote.

Nyaraka nyingi za utawala wa Kibelgiji zilichukuliwa Brussels wakati wa uhuru ulipokaribia. Zimehifadhiwa vizuri huko na watafiti huzisoma. Lakini kwa mkazi wa Buyenzi anayetaka kujua bibi yake alisema nini mbele ya baraza, safari ya kwenda Brussels ni ndefu kuliko ile ya kwenda kwa mushingantahe wa zamani.

Mahakama ya komini

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na mahakama za machifu zikaondoka pamoja na uchifu. Mahakama iliyo karibu zaidi na mwananchi ikawa ile iitwayo kwa Kifaransa tribunal de résidence. Katika makala haya tutaiita mahakama ya komini, ingawa wakazi wengi wa mji husema tu tribinali, na wasemao Kirundi husema sentare. Sheria ya mwaka 1987 ilipanga upya ngazi za mahakama, na sheria ya tarehe 17 Machi 2005 ikazipanga tena. Juu ya mahakama ya komini ipo mahakama kubwa ya mkoa, kisha mahakama za rufaa, na juu kabisa Mahakama Kuu ya nchi, ambayo kwa Kirundi huitwa Sentare Ntahinyuzwa, yaani mahakama isiyobishiwa.

Mahakama ya komini husikiliza madai ya fedha yasiyozidi kiwango kilichowekwa na sheria, makosa madogo ya jinai, mambo mengi ya familia, na zaidi ya yote mashauri ya ardhi isiyosajiliwa. Mahakimu huketi watatu, nao husaidiwa na karani. Katika mashauri ya ardhi huwabidi mara nyingi kwenda shambani wenyewe, wakaione miti ya mpaka na kuwasikiliza majirani papo hapo. Katika safari hiyo ya shambani, mwenye macho huliona baraza la zamani likiendelea kuishi ndani ya mahakama mpya.

Bashingantahe nao hawakutoweka. Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yaliutambua upatanishi wao mlimani. Sheria za baadaye ziliwapandisha na kuwashusha: mwaka 2010 sheria ya utawala wa komini iliacha kuwataja, na mwaka 2021 utaratibu wa wazee wa mlima ulirudishwa katika sheria ya mashauri ya madai. Kwa hiyo Mrundi wa leo aweza kuwa na kumbukumbu mbili za shauri moja: neno la wazee na jalada la mahakama. Zikipatana, ni heri. Zikipingana, lililoandikwa ndilo lenye nguvu zaidi.

Njia ya jalada

Tueleze sasa jinsi kumbukumbu hiyo inavyotengenezwa, kwa sababu asiyejua kilichomo katika masjala hawezi kukiomba.

Shauri linapofunguliwa, karani huliandika katika daftari la mashauri na kulipa namba. Mashauri ya madai na mashauri ya jinai huwa na madaftari mbalimbali, na herufi zinazotangulia namba huonyesha ni la aina gani. Namba hiyo ndiyo jina la shauri tangu siku hiyo, na mwenye shauri hana budi kuitunza kama anavyotunza hati ya kuzaliwa ya mtoto wake. Baadaye hutolewa wito kwa mdaiwa, naye hutajiwa siku ya kufika. Siku ya kikao karani huandika muhtasari wa yaliyosemwa. Mwisho huja hukumu, ambayo yapaswa kutaja majina ya wahusika, madai yao, sababu za mahakimu na uamuzi wenyewe.

Katiba ya Burundi ya mwaka 2005 iliweka misingi mitatu inayohusu jambo hili, nayo ilidumishwa katika katiba ya mwaka 2018. Kwanza, haki hutolewa kwa jina la wananchi wa Burundi. Pili, vikao vya mahakama ni vya wazi, isipokuwa pale mahakama yenyewe inapoamua kufunga milango kwa ajili ya usalama au maadili. Tatu, kila hukumu yapaswa kuelezwa sababu zake na kutamkwa hadharani. Msingi wa tatu ni mzito sana. Hukumu isiyo na sababu ni amri tu. Hukumu yenye sababu ni mafundisho, na mafundisho hayafai kufichwa.

Mwenye shauri anayetaka nakala ya hukumu huenda kwa karani wa mahakama iliyolikata shauri lake. Humfaa kuwa na mambo manne: jina la mahakama, namba ya shauri, majina ya wahusika kama yalivyoandikwa katika daftari, na mwaka wa hukumu. Asiye na namba huulizwa mwaka, na asiyekumbuka mwaka humwachia karani kazi ya kupekua madaftari ya miaka mingi. Tena yafaa kutofautisha nakala mbili. Iko nakala ya kusoma na kutunza, na iko nakala yenye amri ya utekelezaji, ambayo ndiyo humwezesha aliyeshinda kudai kwamba hukumu itimizwe. Wako walioshinda wakarudi nyumbani na furaha pasipo nakala hii ya pili, na shamba likabaki mikononi mwa aliyeshindwa.

Si kila karatasi iliyo wazi kwa kila mtu. Jalada la upelelezi huwa siri kabla ya kesi kufika mahakamani, na mashauri ya watoto huhifadhiwa kwa staha. Mtu asiyehusika na shauri huweza kutakiwa aeleze sababu ya ombi lake. Mipaka hii ni ya haki. Lakini hukumu iliyotamkwa hadharani haiwezi kuwa siri kesho yake kwa sababu tu imewekwa kabatini.

Lugha tatu za shauri moja

Sasa tumefika mahali pa walimu. Vitenzi vya mahakama katika lugha zetu mbili vyapendeza kulinganishwa. Kwa Kirundi hakimu huitwa umucamanza, yaani mkata mashauri, kutokana na guca urubanza. Kwa Kiswahili nasi twasema kukata kesi na kukata shauri, na aliyeshindwa naye hukata rufaa. Katika lugha zote mbili hukumu ni kisu kinachotenganisha haki na batili. Upande wa pili Kiswahili kimepokea kutoka Kiarabu jamii nzima ya maneno yenye mzizi mmoja: hukumu, hakimu, mahakama, mahakimu. Mwanafunzi akioneshwa jamii hii mara moja, hatayasahau maneno hayo.

Lakini katika Bujumbura utajiri huu haufiki kwenye jalada. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilikitambua Kirundi kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, pamoja na Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zinazofundishwa shuleni. Katika mahakama za chini Kirundi ndicho lugha ya baraza, na kadiri shauri linavyopanda ngazi ndivyo Kifaransa kinavyoongezeka. Mtu wa Buyenzi aliyelelewa kwa Kiswahili husema neno lake, neno hilo huelezwa kwa Kirundi, na hatimaye sababu za hukumu huandikwa kwa Kifaransa cha wanasheria. Akipewa nakala, hushika mkononi karatasi inayomhusu yeye, yenye jina lake na muhuri wa taifa lake, asiweze kuisoma.

Hatusemi haya ili kukipunguzia Kirundi heshima yake. Kinyume chake, Kirundi katika mahakama za Burundi ni neema ambayo mataifa mengi ya Afrika hayana. Twasema tu kwamba haki ya kusoma hukumu yako ni sehemu ya haki yenyewe.

Jirani zetu wametupa mfano. Nchini Tanzania mahakama za mwanzo zimeendeshwa kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, na katika miaka hiyohiyo Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilianza kukusanya istilahi za sheria kwa Kiswahili. Hata hivyo mahakama za juu ziliendelea kuandika hukumu zake kwa Kiingereza kwa zaidi ya nusu karne, na shauri lililoanza kwa lugha ya mwananchi lilipopanda kwa rufaa lilihama lugha. Ilikuwa mwaka 2021 sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini humo. Mwaka huohuo wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, waliamua kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza.

Zanzibar yatupa mfano wa aina nyingine. Majalada ya mahakama za makadhi wa zamani yalihifadhiwa, na mwaka 2015 mtafiti Elke Stockreiter alichapisha kitabu kilichojengwa juu ya majalada hayo, akionyesha jinsi wanawake, wakiwamo waliotoka utumwani na watoto wao, walivyosimama mbele ya kadhi kudai mahari, talaka na mali. Watu hao hawakuandika vitabu. Sauti yao imetufikia kwa sababu karani aliandika na mtunza nyaraka akatunza. Burundi haina mahakama rasmi za kadhi, na Waislamu wake huhukumiwa kwa sheria ya watu na familia iliyotungwa mwaka 1980 na kurekebishwa mwaka 1993. Lakini majalada ya mahakama za mji wetu yanaweza siku moja kuwa hazina ya namna hiyo, yakitunzwa.

Kwa nini jambo hili ni zito

Msomaji aweza kuuliza: je, haya si mambo ya wanahistoria? La. Tutaje mambo mawili yaliyo hai.

La kwanza ni ardhi ya waliorudi. Mwaka 1972, na tena tangu Oktoba 1993, watu wengi waliuawa na wengine wengi walikimbilia nchi jirani, hasa Tanzania. Waliorudi walirudi na watoto waliozaliwa kambini, ambao wengi wao husema Kiswahili vizuri kuliko Kirundi. Wakakuta shamba la baba linalimwa na mwingine, na pengine huyo mwingine naye alipewa na serikali au alinunua kwa nia njema. Mwaka 2006 iliundwa tume ya ardhi na mali, ambayo kazi yake ilikoma mwaka 2022, na mashauri mengine yalifika mahakamani. Katika mashauri hayo kumbukumbu ya wazee ilikuwa imepungukiwa, kwani wazee wengi walikuwa wamekufa. Mahali ambapo hukumu ya zamani ya mpaka iliandikwa na kupatikana, palikuwa na pa kuanzia. Pasipopatikana kitu, yalibaki machozi ya pande mbili, na pengine zote mbili zikisema kweli.

La pili ni urithi wa mabinti. Burundi imekaa miongo mingi bila sheria iliyoandikwa ya urithi. Mila humpa binti kipande kidogo kiitwacho igiseke, ambacho hukitumia bila kukimiliki kama kaka zake. Wako wanawake waliokwenda mahakamani kudai zaidi. Mahakimu wengine waliwapa, wengine waliwanyima. Penye pengo la sheria, hukumu zilizotangulia ndizo taa ya hakimu anayefuata. Zikifungiwa kabatini, kila binti huanza upya gizani, na mwenzake aliyeshinda komini ya jirani mwaka uliopita hamfai kitu. Hukumu iliyofichwa humsaidia mtu mmoja. Hukumu iliyo wazi husaidia wengi.

Kazi ya walimu

Tumeona kwamba kumbukumbu ya shauri imehama mara nyingi: kutoka vichwani mwa wazee hadi daftari la Kijerumani, kutoka daftari la chifu hadi makabati ya Brussels, kisha hadi masjala ya komini. Katika kila hatua ilizidi kudumu, na katika kila hatua ilizidi kumkimbia mwenyewe. Mushingantahe alisahau lakini alieleweka. Karani hasahau lakini haeleweki. Wajibu wa zama zetu ni kuziunganisha sifa mbili hizo, kumbukumbu idumuyo na lugha ieleweayo.

Sehemu ya kazi hiyo ni ya serikali: kutunza majengo, kuwapa makarani karatasi na mafunzo, na kuweka hukumu mahali watu wanapoweza kuzisoma. Sehemu nyingine ni yetu. Mwalimu wa Kiswahili wa Bujumbura aweza kulitumia somo la barua rasmi kuwafundisha wanafunzi kuandika ombi la nakala ya hukumu, lenye jina la mahakama, namba, wahusika na mwaka. Aweza kupanga maneno mdai, mdaiwa, shahidi, wito, hukumu, rufaa, nakala na masjala katika safu tatu, Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, ili mtoto akasome karatasi ya mahakama iliyoletwa nyumbani na kuwaeleza wazazi wake. Aweza kuwaongoza wanafunzi wa madarasa ya juu wakaketi katika kikao cha wazi, kwani sheria yaruhusu, wakasikiliza jinsi neno lilelile linavyohama kutoka lugha moja hadi nyingine.

Kazi hii haihitaji mtaala mpya wala fedha nyingi. Yahitaji mwalimu anayeamini kwamba msamiati wa haki ni mali ya mwanafunzi wake, na kwamba mali hiyo, kama mali nyingine zote, isipoingizwa katika daftari hupotea bila habari.